Kuifanya Vyema Kazi Isiyo Njema



Ndugu yetu mmoja katika darsa, ambaye jina lake hatulitaji, na wanaomjua twawaomba nao wasilitaje, alitujia usiku mmoja baada ya sala ya Isha akiwa na suala. Tulipolisikia mara ya kwanza tulidhani tutalimaliza kabla ya kahawa kupoa. Likatuchukua mikutano minne, na huenda hata sasa hatujalimaliza. Tumeonelea kuliandika kwa kuwa twajua kwamba si yeye peke yake mwenye jambo kama hili katika miji yetu ya pwani, toka Vanga hadi Lamu. Tofauti ni kuwa yeye ameuliza, na wengi hawaulizi.

Habari yenyewe ni hii. Baba yake alifariki akamwachia shamba nje ya mji, lenye minazi 60. Nusu ya minazi hiyo huangushwa nazi, na nusu ya pili amekodishwa mgema, mzee mmoja wa Kigiriama, tangu kijana wetu hajazaliwa. Kando ya njia, ndani ya mpaka wa shamba, pana banda la makuti lenye magogo ya kukalia. Hiyo ndiyo mangwe. Marehemu alikuwa mtu wa safu ya mbele msikitini. Hakupata kuonja tembo maishani mwake, wala hakupata kulikanyaga lile banda. Kodi aliletewa nyumbani, ndani ya bahasha, kila mwisho wa mwezi.

Mwana aliporithi hakufuata mwendo wa babake. Alikwenda mwenyewe bandani kuangalia mali yake ilivyo, na aliyoyaona yakamtia haya. Vibuyu havikuoshwa, na nzi wamejaa. Tembo lilizidishwa kwa maji ya kisima. Watoto wa skuli waliuziwa kama watu wazima. Na palikuwa na mchuuzi mmoja aliyekuwa akitia vitu visivyojulikana ndani ya tembo la jana ili lizidi ukali. Kijana akashika kazi kwa mikono miwili. Akamfukuza yule mchuuzi, akanunua madumu na chupa mpya, akaamuru vyombo vichemshiwe maji kila asubuhi, akaweka kipimo kimoja kwa kila mtu, akawazuia watoto, na magharibi ikiingia banda lafungwa. Miezi saba aliiendesha hivyo. Wateja wakaongezeka, na sifa yake ikaenea kuwa ni mtu mwaminifu. Kisha akatujia akasema: “Maalimu, najua kwamba tembo ni haramu. Siulizi hilo. Nauliza hivi: watu hawa watakunywa tu. Je, si bora wanywe kwangu, ambako hapana sumu wala udanganyifu, kuliko nijitoe nikawaachia watakaowaua?”

Tunamwomba msomaji asiicheke hoja hii, kwani sisi tulioicheka mwanzoni tulijuta. Ina uzito wake. Katika Novemba ya mwaka 2000, katika mitaa ya kimaskini ya Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli, nayo ni spiriti ya viwandani. Na walionusurika wengine walipofuka macho. Mwezi wa Mei 2014 wakafa makumi ya watu tena kwa sababu hiyo hiyo katika wilaya za bara. Hata Serikali, baada ya kuipiga marufuku chang'aa tangu mwaka 1980, iligeuza njia mwaka 2010 ilipotunga sheria ya kudhibiti vileo, ikaruhusu pombe za kienyeji zitengenezwe kwa leseni na kwa masharti ya usafi, kwa kuona kwamba linalofanywa gizani huua zaidi ya linalofanywa mchana. Basi kijana wetu hakusema upuuzi. Alisema kwa lugha yake yale waliyoyaona watunga sheria.

Na wazee wetu walituachia methali kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Twaitumia kila siku kuwaonya watoto juu ya sifa, wala hatufikiri kwamba aliyeitunga alilijua tembo safi na tembo la maji, na alimwona mgema mwenye kudanganya kuwa ni mtu mwovu kuliko mgema mwaminifu. Uaminifu ni uaminifu hata juu ya mnazi. Hilo hatulikatai, na ndilo lililotufanya tusiweze kumjibu kijana kwa neno moja.

Lakini tulipolipima jambo tuliona kwamba ndani ya hoja yake mna watu wawili waliochanganywa wakawa mmoja. Yuko mtawala, na yuko mwenye mali. Mtawala amewakuta watu mikononi mwake, wanywao na wasiokunywa, wenye dini na wasio na dini, na hana ruhusa ya kuwachagua. Akikabiliwa na shari mbili, yapasa achague iliyo nyepesi, kwa sababu shari zote mbili zitawaangukia raia zake. Ama mwenye mali hakukabiliwa na shari mbili. Amekabiliwa na njia moja ya kuchuma, naye yuko huru kuiacha. Asemapo kwamba akiiacha ataishika mwingine aliye mbaya zaidi, amejivika kilemba cha mtawala ilhali bado anahesabu fedha kama mfanyabiashara. Lau kweli lililomtia bandani lilikuwa ni kuwahurumia wanywaji, angewauzia kwa gharama tu, pasi na faida. Tulimwuliza hilo. Alinyamaza, na kwa kunyamaza kwake tulizidi kumheshimu.

Akarudi akasema: “Lakini mimi sikulitafuta. Nimelirithi.”

Hapa hatukuhitaji kwenda mbali. Sote twaijua hadithi ya Anas bin Malik, aliyekuwa kijana akiwanywesha wageni kinywaji cha tende mbichi nyumbani kwa Abu Talha siku ulevi ulipoharimishwa. Abu Talha akamwamuru akimwage, na vinywaji vikapita katika njia za Madina kama maji ya mvua. Walakini wachache hukumbuka kwamba Abu Talha huyo huyo, katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud, alimwendea Mtume s.a.w. akamwuliza habari ya mayatima waliorithi ulevi. Akaambiwa aumwage. Akauliza kama yafaa aufanye siki, akakatazwa. Tufikiri walikuwa ni nani hao. Walikuwa mayatima, wasio na baba wala kazi, na mali ile haikuwa kosa lao. Ikiwa urithi haukuwaokoa mayatima, hautatuokoa sisi wenye maduka na nyumba za kupangisha.

Na asije mtu akasema tembo si zabibu. Sayyidna Umar alipokuwa juu ya mimbari aliyahesabu mambo matano yaliyokuwa yakifanyiwa ulevi zama zile, kisha akaeleza kwamba ulevi ni kila kinachofunika akili. Mnazi haumo katika yale matano, na umo katika maelezo.

Kisha mzee mmoja wa darsa akataka kumtetea marehemu. Akasema kwamba kosa la mwana ni kuingia bandani, na laiti angekaa kama babake, akapokea kodi ya miti, yasingemhusu yanayofanywa na mgema. Maneno haya twayasikia sana mjini. Twakodisha miti, hatuuzi tembo. Twakodisha nyumba, hatujui kinachouzwa ndani. Imamu Nawawi katika Minhaji, kitabu ambacho wengi wetu tumekisoma kwa masheikh zetu, ameitaja katika biashara zilizokatazwa biashara ya kumwuzia tende mbivu na zabibu mtu akamuaye ulevi. Na zabibu yenyewe ni halali. Katika hadithi ya kumi waliolaaniwa kwa ajili ya ulevi, aliyoipokea Tirmidhi, mnywaji ni mmoja tu. Wengine ni mkamuaji na mchukuzi na mwuzaji na mwenye kula thamani yake, na mfano wa hao. Ni kweli kwamba Imamu Abu Hanifa ana rai nyepesi katika baadhi ya mambo haya, na wanafunzi wake wawili wakubwa hawakumfuata. Atakaye kuishika rai ile na aishike kwa ilimu, asiishike kwa sababu bahasha imefika.

Sisi twaona, na twalisema huku tukimwombea maghufira marehemu, kwamba mwana alikuwa karibu na haki kuliko baba. Baba hakuuona uchafu wa lile banda kwa kuwa hakutaka kuuona, na nguo zake zikabaki nyeupe. Mwana aliingia, akaona, akajaribu kurekebisha, na kule kuona ndiko kulikomleta kwetu. Mtu hawezi kutubia alichokifunga ndani ya bahasha.

Tungependa kuishia hapa na kumhukumu yeye, lakini mkutano wa tatu ulituhukumu sisi. Mweka hazina wetu alikuwa akipekua daftari kwa jambo jingine kabisa, akaona kwamba stima ya chumba hiki tunamosomea, pamoja na karatasi ambazo jarida hili huchapiwa, kwa muda mrefu zililipwa kwa mchango wa mtu mmoja, naye ni marehemu. Mwana akauendeleza kwa ile miezi saba. Tumesoma tafsiri ya Suratul Maida chini ya taa iliyowashwa kwa tembo, na hapana hata mmoja wetu aliyeuliza mafuta yatoka wapi. Twayaandika haya bila ya raha yoyote.

Basi lifanywe nini? Mmoja alisema minazi ikatwe. Hatukukubali. Mnazi haukutenda kosa. Hutoa dafu na nazi na mbata, makuti ya kuezekea, kumbi za kamba, chelewa za ufagio, na kuukata ni kumwadhibu asiye na dhambi. Mwingine akasema shamba liuzwe. Lakini lingeuzwa pamoja na mgema wake na banda lake, na thamani yake mbele ya mnunuzi ingekuwa ni lile tembo. Tungekuwa tumekula kodi ya miaka mingi kwa mara moja. Wa tatu akasema jambo lililoonekana kuwa ndilo: mgema aambiwe aondoke, na minazi iachwe izae.

Kijana ndiye aliyetuonyesha ugumu wake, kwani ndiye aliyelijua shamba. Mnazi hutoa karara moja kwa kadiri ya kila mwezi, na mgema huikata ncha ya panda kwa kotama, utando mwembamba asubuhi na jioni, ili maji yatiririke. Panda linalogemwa halizai nazi. Ukiacha kugema leo, maua yatakayofunguka kesho yatakaa takriban mwaka mzima hata yawe nazi zilizokomaa. Kwa mwaka huo mwenye shamba atakula nusu ya pili ya minazi, na duka lake, na mshahara wake. Mgema atakula nini? Huyu si mtu wa dini yetu, hakuahidi kuacha alichokiacha Mwislamu, na amepanda minazi ile kila siku kwa miaka zaidi ya thelathini kwa makubaliano yetu na kwa faida yetu. Nasi tukitubu, tutashinda msikitini tumefarijika, na watoto wa mtu mwingine watalala na njaa kwa ajili ya toba yetu. Hapo ndipo tulipolielewa suala lenyewe, ambalo tangu mwanzo hatukuwa tumelielewa. Arithiye kazi amewarithi na watu wake.

Watatu katika sisi tulifuatana na kijana kwenda kwa yule mzee. Alitukaribisha kwa madafu, akatusikiliza mpaka mwisho. Akamgeukia kijana akamwambia: “Mwanangu, babako alinikodisha minazi, hakunikodisha dini yake. Mkitaka kuacha, acheni. Lakini mwaniambia leo, na mimi mgongo umezeeka.” Hakusema kwa hasira. Kisha yeye mwenyewe, na si sisi wasomi, ndiye aliyekumbusha kwamba zamani mamake alikuwa akichemsha tembo tamu likiwa bichi, kabla halijapata ukali, akapata asali ya tembo ya kulia mikate.

Asali ya tembo! Watu wazima wa mji huu waijua, vijana hawaijui. Yafanywa vile vile Sri Lanka, Indonesia na Ufilipino, na huko huichemsha zaidi hata ikawa sukari ya kahawia, ambayo kilo 1 yake hutaka takriban lita 7 au 8 za maji ya mnazi. Tukalitazama katika sheria. Maji ya mnazi yanapotoka katika panda si ulevi. Ni kama kinywaji cha zabibu kavu alichorowekewa Mtume s.a.w., akakinywa kwa siku mbili tatu, na kilichobaki kikamwagwa. Atakayeyachemsha mapema hakugeuza ulevi kuwa halali, ameuzuia usizaliwe. Hilo ni mbali na siki aliyoiulizia Abu Talha. Na tembo lililogeuka siki lenyewe, bila ya kutiwa kitu, ni tohara kwa mujibu wa madhehebu yetu ya Kishafii. Ila hatukumshauri kijana ashike biashara ya siki, kwa kuwa atakayeweka mapipa ya tembo yangoje kuwa siki atakuwa ameweka mapipa ya tembo.

Ugumu wa asali ni wakati. Maji ya mnazi huanza kuchachuka yangali juu ya mti, kwa chachu iliyomo hewani na katika kuta za kibuyu cha jana, na baada ya saa chache yamekwisha kuwa tembo. Yahitaji chombo kipya au kilichosuguliwa na kuchemshiwa maji, chokaa kidogo ndani yake ya kuzuia kuchacha, kuteremshwa alfajiri kabla ya jua, na moto uwe tayari chini. Kuni ni vifuu na kumbi, ambavyo shambani haviishi. Msomaji ameona sisi tulichokiona: ule usafi wote ambao kijana aliutumia bandani kwa miezi saba, vyombo kuchemshiwa na kipimo kimoja na saa kufuatwa, ndio hasa kazi hii inaoutaka. Ustadi wake haukuwa haramu. Ulikuwa umekaa mahali pasipo pake.

Ikabaki fedha ya miezi saba, ambayo hakuwa ameila yote. Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha halali na haramu, ameeleza kwamba mali ya namna hii ambayo haiwezekani kuwarudishia wenyewe hutolewa kwa maslaha ya watu au kwa mafakiri, na mtoaji asiitarajie kuwa sadaka yake, kwani hakutoa chake. Baadhi yetu walitaka ijengewe choo cha msikiti, kama ilivyo desturi mjini. Sisi tuliuliza: fakiri aliye karibu nasi zaidi ni nani kuliko mtu ambaye tumemkatia riziki kwa mikono yetu? Ikaamuliwa apewe mgema kidogo kidogo kila mwezi, mpaka asali ianze kuuzika. Na darsa nalo likaamua kulipa, kwa michango ya wanafunzi wenyewe, kadiri ya fedha za stima na karatasi zilizoonekana katika daftari. Jarida hili halitatoka mwezi ujao wala unaofuata kwa sababu hiyo.

Tuseme kweli yote. Asali ya kwanza iliungua. Ya pili tulichelewa kuiteremsha, ilikuwa imekwisha kuwa kali, ikamwagwa, na mzee akacheka sana kutuona twamwaga tembo zuri. Ya tatu ilikuwa nzuri. Banda limevunjwa na makuti yake yamekuwa kuni. Walakini hatudai kwamba yuko mlevi hata mmoja aliyeacha. Wateja wamehamia mangwe nyingine mwendo wa robo saa, iliyo chafu kuliko ile ya kijana wetu, na kijana huja darsani akatuuliza kila juma tunasemaje juu ya hilo. Twamwambia kwamba wale ni majirani zetu vile vile, na atakayetiwa sumu tutaulizwa juu yake, nasi tumekwenda mara mbili kwa wenye mamlaka kushitaki wanaochanganya vitu ndani ya tembo. Mara zote mbili tuliandikwa majina. Jibu hili halimtoshi, na sisi halitutoshi. Mara ya tatu tutakwenda Jumatatu, na atakaye kufuatana nasi tuonane mlangoni pa chumba saa mbili asubuhi.

Asali ya tembo yapatikana chumbani kila Alhamisi baada ya Isha. Mnunuzi aje na chupa yake, nayo iwe imeoshwa.